Wanafunzi wapewe nafasi ya kumpima Nabongo Mumia

Kwa Mhariri,

Wanafunzi wangu wengi hukaa Buruburu, Umoja na Kayole. Wapo wanaoteremka matatu kila asubuhi kwenye Mumias South Road, na ukimuuliza mmoja wao Mumias ni nini, atakwambia ni mji wa miwa huko magharibi. Kwamba mji huo unaitwa kwa jina la mtu, Nabongo (yaani mfalme) Mumia, kwamba mahali penyewe paliitwa Elureko, na kwamba mtu huyo alishika usultani wa Wawanga, jamii mojawapo ya Waluhya, mnamo 1882 na kufariki 1949, hayo huyasikia mara ya kwanza akifika Kidato cha Tatu. Hapo hupewa ukurasa mmoja na orodha ya hoja za kukariri, kisha tunaendelea na mada nyingine.

Nafundisha Historia na Serikali kwa mwaka wa 19 sasa. Mimi ni Mkamba wa Mwala, kwetu hatukuwa na mfalme, na sina ng'ombe katika zizi la Mumia wala la jirani zake. Naandika kwa sababu ya karatasi moja ya mtihani ambayo imekataa kunitoka akilini.

Muhula uliopita shule kadhaa za eneo letu zilifanya mtihani wa mwigo wa pamoja. Swali moja la insha lilikuwa la Nabongo Mumia. Sehemu ya kwanza ilitaka sababu tano za kushirikiana kwake na Waingereza, alama 5. Sehemu ya pili ilitaka matokeo matano ya ushirikiano huo, alama 10. Tulikaa kusahihisha kwa pamoja, kila mwalimu na swali lake, mwongozo mezani na kalamu nyekundu mkononi. Swali la Mumia lilinifikia mimi.

Msichana mmoja wa darasa langu hakuorodhesha matokeo kwa namba. Aliyapanga chini ya vichwa vitatu: kwa Wawanga, kwa Wabukusu jirani zao, na kwa Mumia mwenyewe. Chini ya kichwa cha tatu aliandika sentensi ambayo naweza kuisema kwa moyo: "Waingereza walimpa Mumia watu wengi wa kutawala na wakamnyang'anya uamuzi wa namna ya kuwatawala." Niliitafuta sentensi hiyo kwenye mwongozo. Haikuwemo. Nikaweka alama ya kuuliza pembeni yake kwa wino mwekundu, nikajumlisha hoja zilizolingana na mwongozo, nikampa 4 kwa 10. Mwenzake aliyekariri kitabu neno kwa neno nilimpa 10.

Karatasi ziliporudishwa, alikuja chumba cha walimu wakati wa chai. Hakuja kugombana. Aliiweka karatasi mezani, akaweka kidole juu ya ile alama ya kuuliza, akasema, "Mwalimu, hapa nimekosea wapi?" Nikaufungua mwongozo nikitafuta pa kumwonyesha. Sikupata. Nilimwambia arudi darasani, tutazungumza.

Siwalaumu waliotunga mtihani ule. Mwongozo unahitajika, bila mwongozo mwalimu mmoja atatoa 9 na mwingine 3 kwa jibu lile lile, na huo nao ni uonevu. Ila nimejiuliza tangu siku ile tunachokifanya tunapomfundisha mtoto kuhusu mfalme wa zamani. Tunamfundisha hukumu ambayo tayari imekatwa. Mumia alishirikiana, Koitalel arap Samoei wa Wanandi alipinga. Huyu weka huku, yule weka kule, piga mstari. Mtoto anatoka shuleni akijua hukumu ya kesi ambayo hajawahi kusikia shahidi wake hata mmoja.

Basi niliamua kuirudia mada ile kwa vipindi vitatu vya dakika 40. Naeleza yaliyotokea kwa sababu naamini mwalimu yeyote anaweza kuyafanya kwa chaki tu.

Kipindi cha kwanza kilianza kwa zogo. Niliuliza swali jepesi: Je, utawala wa Mumia ulikuwa mzuri au mbaya? Mvulana mmoja ambaye kwao ni Webuye, kwa Wabukusu, akajibu kabla sijamaliza, "Alikuwa kibaraka!" Msichana ambaye kwao ni Matungu, kwa Wawanga, akageuka kwenye kiti chake. "Bila yeye sisi tungeisha," akasema. Wakaanza. Darasa la wanafunzi 54 likagawanyika mara mbili, na wengi wa waliopiga kelele hawana hata jamaa mmoja ng'ambo ya Nakuru.

Hapa Kiswahili kinatufichulia jambo. Katika kitabu cha Kiingereza neno linalotumika kwa Mumia, "collaborator", husomwa kama jina la kundi tu, mtoto hulikariri bila kulihisi. Ukitaka kulisema kwa Kiswahili huna budi kuchagua: mshirika au kibaraka. Ukisema mshirika umeshamtetea, ukisema kibaraka umeshamhukumu. Niliandika maneno yote mawili ubaoni, kila moja pembe yake, nikawaambia kwamba hatutayagusa mpaka kipindi cha tatu. Kisha nikamuuliza yule mvulana: kibaraka mwaka gani?

Akanyamaza. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Nikachora mstari kutoka ukingo mmoja wa ubao hadi mwingine. Mwanzoni nikaandika 1882, mwishoni 1949. Miaka 67. Mmoja mmoja walikuja mbele na chaki. Huyu akaandika 1883, Joseph Thomson anapita. Yule 1885, Askofu Hannington anapita akielekea Buganda, anauawa Busoga. Kisha 1889, Frederick Jackson anafika kwa niaba ya kampuni ya Waingereza. 1890, Carl Peters Mjerumani naye anapiga hodi mahali pale pale. 1895, Hobley anafika kusimamia utawala wa Waingereza, na mwaka huo huo vita vya Lumboka na Chetambe dhidi ya Wabukusu. 1901, reli inafika ziwani Kisumu. 1902, eneo lote linahamishwa kutoka Uganda na kuwa sehemu ya nchi ambayo sasa ni Kenya. 1909, Mumia anatangazwa chifu mkuu. 1920, makao ya wilaya yanahamia Kakamega. 1926, anastaafishwa.

Waliporudi kukaa niliwaomba waangalie tu. Aliyezungumza kwanza ni mvulana mpole wa mstari wa nyuma ambaye huwa hafungui mdomo. Alisema kwamba kitabu chetu kinazungumzia kipande kile cha kati ya 1895 na 1909. Miaka 14. Tukapima kwa shubiri: sehemu kubwa ya mstari ilikuwa nje ya kitabu. Miaka 13 kabla ya Hobley, na miaka 40 baada ya cheo cha 1909, na 23 ya mwisho kati ya hiyo Mumia hakuwa na mamlaka yoyote ya serikali. Mtu anaweza kuwa mfalme wa namna moja akiwa na miaka mitatu kwenye kiti, akawa wa namna nyingine baada ya miaka 30. Mtoto akishaliona hilo kwa macho yake, huwezi tena kumtosheleza kwa neno moja.

Nilikaa kwa muda mrefu zaidi kwenye ile miaka 13 ya mwanzo, kwa sababu ndiyo tunayoipuuza. Mumia aliurithi usultani kutoka kwa baba yake Shiundu, na aliurithi pamoja na matatizo. Wajaluo wa Ugenya walikuwa wakiwasukuma Wawanga kutoka upande mmoja, Wabukusu walikuwa jirani wenye nguvu upande mwingine, na ndani ya ukoo wenyewe kulikuwa na Sakwa wa Wanga Mukulu ambaye hakukubali kuwa chini yake. Tayari enzi za Shiundu walikuwa wamefika wafanyabiashara wa Pwani, Waswahili na Waarabu, na pembe za ndovu zikatoka, vitambaa na bunduki vikaingia. Wageni wale walikaa, wakapata makao, wakasaidia vitani. Uislamu ulioko Mumias mpaka leo unaanzia huko.

Nilipofika hapo msichana wangu wa ile karatasi aliinua mkono. "Kwa hivyo Mwalimu, labda aliwaona Waingereza kama msafara mwingine wa Waswahili?"

Nataka wasomaji walipime swali hilo. Sisi tunajua kilichofuata baada ya 1895, yeye hakujua. Tunajua kwamba wageni hawa hawakuja kununua pembe na kwenda zao. Mtu aliyezoea kwamba mgeni mwenye bunduki ni rafiki wa kukusaidia dhidi ya jirani, kisha anaondoka na mzigo wake, angetarajia nini? Sikumwambia kwamba amepatia, kwa sababu wazo lake linahitaji kuthibitishwa. Nilimwambia aandike chini yake: ni ushahidi gani ungeonyesha kwamba nimekosea? Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwa nimewahi kumpa mwanafunzi zoezi hilo.

Kuhusu reli tulibishana kidogo tu. Wengine walitaka kuandika kwamba Mumia alishindwa kwa sababu mji wake ulififia. Lakini kabla ya 1901 misafara ya kwenda Uganda ilipita kwake, na reli ilipoishia Kisumu njia ile ikakosa kazi. Hilo halikuamuliwa Elureko. Niliwaonya tu kwamba si kila kinachotokea wakati mfalme akiwa kitini ni kazi ya mfalme, tukasonga mbele.

Kipindi cha pili ndicho kilichonichosha. Nilitaka wasikie mashahidi. Katika mapumziko ya katikati ya muhula nilikuwa nimeenda Jumba la Nyaraka za Kitaifa, lile la Moi Avenue karibu na sanamu ya Tom Mboya. Watu hupita hapo kwa maelfu wakielekea stendi za matatu, na wengi hudhani ni makumbusho ya vinyago tu. Juu kuna chumba cha kusomea, na mafaili ya maofisa waliotawala wilaya ya North Kavirondo, jina la kikoloni la eneo hilo, yapo, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Nilinakili kwa mkono vipande vifupi kuhusu machifu wa Kiwanga waliowekwa juu ya watu wengine. Maana hilo ndilo lililofanyika: Waingereza waliwatumia jamaa za Mumia kutawala nje ya Wanga. Ndugu yake wa baba mmoja, Murunga, aliwekwa juu ya Wabukusu. Mulama aliwekwa juu ya Wamarama. Machifu hao walikusanya kodi ya nyumba na kutoa watu wa kazi za barabara, na waliotawaliwa walidai kwa miaka mingi wapewe machifu wa kwao.

Shahidi wa kwanza basi alikuwa ofisa Mwingereza. Nikawauliza: huyu anaandika kwa nani? Kwa mkubwa wake. Anataka nini? Aonekane wilaya yake imetulia. Hobley mwenyewe alishiriki katika vita vya 1895, kwa hiyo anapovieleza anaeleza kazi yake. Hilo halimfanyi kuwa mwongo. Tunapaswa kujua amesimama wapi anaposema.

Shahidi wa pili alikuwa masimulizi ya Wawanga, ambayo marehemu Profesa Gideon Were na watafiti wengine walianza kuyakusanya kwa wazee mapema, wengi wao wakiwa bado hai. Humo Mumia ni mwenye busara aliyewaokoa watu wake wasifagiwe. Wanafunzi wakaona kwamba nalo lina mahali linaposimama.

Shahidi wa tatu sikumpanga mimi. Yule mvulana wa Webuye aliniomba ruhusa ampigie nyanya yake simu. Simu haziruhusiwi darasani kwetu, nikatoa yangu. Tukaiweka juu ya dawati la mbele, sauti ikafunguliwa, watoto wakasogea wakiegemeana mabegani.

"Mulembe, kukhu," mvulana akasema.

"Mulembe, mwana wange. Mbona saa hizi, uko mgonjwa?"

Akamweleza. Kukhu akakaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akaanza, Kiswahili chake cha polepole, akichanganya Lubukusu pale neno lilipomkimbia. Hakuanza na Mumia. Alianza na kilima. Alisema walipokuwa watoto waliambiwa wasicheze Chetambe, kwa sababu watu walilala pale. Alisema mama mkwe wake alisimuliwa na wakubwa wake kwamba waliokuwa ndani ya boma siku ile hawakuwa wanaume wa vita tu. Kulikuwa na akina mama na watoto, na mifugo. Nikamuuliza, "Mama, na Mumia?" Akasema, "Mumia watu wake walikuja na wale." Basi. Hakuongeza tusi wala sifa.

Vitabu vinakubaliana naye kwenye mambo makuu. Kabla ya vita hivyo askari Wasudani walikuwa wametumwa kwa Wabukusu kudai bunduki, wakauawa. Kikosi cha kulipiza kilikuwa na Wasudani, Waganda, Wamaasai na Wawanga, wakiongozwa na Waingereza. Ngome ya Lumboka ilianguka, kisha Chetambe. Lakini hakuna kitabu cha kidato cha tatu kilichoweka mtoto ndani ya lile boma.

Kabla hajakata simu, kukhu aliniuliza mimi moja kwa moja: "Mwalimu, mnafundisha na majina ya waliokufa pale?"

Nikamwambia hapana, hatuyajui.

"Aya," akasema. "Yalikuwa yanajulikana."

Usiku huo nilirudi kwenye vitabu vyangu, nikaongeza tukio moja kwenye ule mstari, ambalo hatukuwa tumeliandika. Mwaka 1947 Elijah Masinde na wafuasi wa Dini ya Msambwa, harakati ya kidini iliyopinga ukoloni, walikwenda Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Miaka 52 baadaye watu walipanda kilima kile kuwaomboleza wafu wao. Na Mumia alikuwa bado hai! Mzee aliyestaafu, kitini pake Elureko, umbali ambao mtu anaweza kwenda kwa miguu. Nilipoliandika ubaoni asubuhi, karibu kabisa na mwisho wa mstari, darasa lilitulia kuliko wakati wa mtihani. Yule msichana wa Matungu, aliyesema "bila yeye sisi tungeisha," aliniuliza kama Mumia alisikia habari hiyo, na kama alisikia alisema nini. Hakuulizia kumtetea. Alitaka kujua.

Katika kipindi cha tatu nilileta mizani. Niliwapa wafalme wengine wawili, Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, falme zilizo Uganda ya leo. Wote wawili walipigana na Waingereza mwishowe, wote wawili walikamatwa mwaka 1899 na kupelekwa Seychelles. Mwanga alifia huko 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi akiwa mzee, akafia Jinja 1923 kabla ya kufika kwao. Mumia alifia nyumbani. Ukimpima mfalme kwa kubaki nyumbani, Mumia amewashinda. Ukimpima kwa watu aliowaachia ugomvi na jirani zao, hesabu inabadilika. Nikawataka waandike insha, na sharti likawa hivi tu: kila hukumu iseme ni ya kipindi gani, ni kwa watu gani, imetolewa na shahidi yupi, na mwandishi ataje jambo moja linalopingana na hukumu yake. Yale maneno mawili ya pembeni, mshirika na kibaraka, niliwaruhusu kuyatumia wakitaka.

Insha 54. Ni chini ya kumi walioyatumia.

Mvulana wa Webuye bado anamwona Mumia na hatia ya Chetambe, na ana haki. Ila sasa ameandika kwamba kabla ya 1895 Wawanga nao walikuwa wakishambuliwa, na kwamba amri ya vita haikutoka Elureko. Msichana wa Matungu ameandika kwamba Mumia aliukuza usultani mpaka ukawa si wake. Hawajakubaliana, sikutaka wakubaliane. Zamani walikuwa wakigombana kwa ukoo, sasa wanagombana kwa tarehe. Mwalimu wa historia angetafuta nini kingine?

Wenzangu wengine wameniambia kwamba haya ni anasa, silabasi ni ndefu, mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE, haungoji. Najua. Mimi pia nina silabasi ile ile. Lakini nilipowapa tena lile swali la mtihani wa mwigo wiki mbili baadaye, bila kuwatangazia, hata wale waliokuwa wakikariri kwa shida walizikumbuka hoja zote za mwongozo, kwa sababu sasa kila hoja ilikuwa na mwaka wake na mtu wake.

Ombi langu kwa wanaotunga mitihani na kuandika vitabu ni la kawaida. Mtaala wa Umilisi, huu mpya wa shule zetu, unataka mtoto afikiri kwa kina. Basi tathmini nayo imlipe anapofikiri. Wekeni kwenye karatasi vipande viwili vya maandishi au masimulizi vinavyopingana kuhusu utawala mmoja, mistari mitano kila kimoja, mtahiniwa aseme nani anasema, kwa nini, na yeye anaamini lipi kwa sababu gani. Mwongozo utoe alama kwa ushahidi uliotumika. Mwalimu anayesahihisha apewe nafasi ya kukubali hoja sahihi ambayo haikutabiriwa. Nafasi hiyo ningekuwa nayo siku ile nisingeweka alama ya kuuliza pale nilipoiweka. Nimeshamrudishia yule msichana karatasi yake nikiwa nimeisahihisha upya mbele yake, ingawa matokeo ya pamoja hayabadiliki.

Ombi la pili ni kwa wasomaji wako walioko Mumias, Matungu, Butere, Webuye na Gem. Likizo ya Agosti inakuja, na wanafunzi wangu 11 wanasafiri kwenda huko kwa babu na nyanya zao. Kila mmoja nimempa daftari la kurasa 96 lenye jalada la kijani. Mkimwona mtoto wa Nairobi ameketi uani na daftari la namna hiyo, akiuliza habari za Nabongo au za kilima, mwacheni aandike taratibu. Mzee akisimulia, aseme pia yeye alisimuliwa na nani. Na kama kuna anayejua hata jina moja la mtu aliyekuwa ndani ya boma la Chetambe, alitaje, mtoto ameagizwa aliandike kwenye ukurasa wa kwanza.

Mwalimu wa Historia na Serikali,
Umoja, Nairobi